Polipu kwenye kifuko cha nyongo: wangapi wanazo, na zipi za kuhofia?

Swali: Daktari, mimi ni mwanaume wa miaka 43. Nilipimwa altrasaundi ya tumbo kwa sababu ya maumivu ya kiuno yaliyodhaniwa kuwa ni vijiwe vya figo. Figo zilionekana salama, lakini ripoti inasema nina polipu 2 kwenye kifuko cha nyongo, kubwa ikiwa na mm 6, pamoja na mafuta kidogo kwenye ini. Sisikii maumivu yoyote nikila. Mama yangu alitolewa kifuko cha nyongo kwa sababu ya vijiwe. Je, tatizo hili ni la kawaida? Nimelipata wapi? Na je, nikitoe kifuko mapema kabla mambo hayajageuka saratani?

Jibu: Ndugu yangu, kwa maelezo uliyotoa huna sababu ya kukimbilia upasuaji, wala ripoti hiyo si ya kutupwa kapuni. Polipu mbili (yaani vijinyama vinavyochomoza ndani ya kifuko), kubwa ikiwa mm 6, kwa mtu wa umri wako asiye na dalili, ni jambo ambalo wapimaji wa altrasaundi hukutana nalo mara kwa mara. Kinachowachanganya wengi ni kwamba yapo mambo yanayomfanya mtu aote polipu, na yapo mengine yanayoifanya polipu iliyokwisha kuota iwe ya hatari. Orodha hizo mbili hazifanani. Mtu akisoma ya kwanza akidhani ni ya pili, hukosa usingizi bure.

Hesabu yenyewe

Ukiwapima altrasaundi watu wazima 100 wasiolalamika tumbo, takribani 5 watakutwa na polipu. Uchunguzi uliofanywa Denmark kwa wananchi wa kawaida ulikuta asilimia 4.6 ya wanaume na asilimia 4.3 ya wanawake. Taiwan, kwa watu waliokwenda kuchunguzwa afya tu, idadi ilikaribia asilimia 10. Marekani, katika eneo la kaskazini mwa California, watafiti walipitia kumbukumbu za watu wazima zaidi ya 600,000 waliopimwa altrasaundi, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa karibu 6 katika kila 100 walikuwa na polipu.

Tofauti hizo zinatokana na mambo kadhaa: nani amepimwa, mashine ina uwezo gani, na mpimaji anakiita nini kijinundu cha mm 2. Mashine za siku hizi huona vitu ambavyo za miaka ya 1980 hazikuviona, na watu wanapimwa tumbo mara nyingi zaidi. Ndiyo maana inaonekana kama polipu zimeongezeka ghafla. Wewe mwenyewe ulikuwa unatafutwa vijiwe vya figo. Bila kiuno kuuma, huenda ungezeeka nazo bila kujua.

Utafiti huo wa California una jambo jingine ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote. Walipolinganisha watu wenye polipu na wasio nazo, kiwango cha saratani ya kifuko cha nyongo kilikuwa karibu sawa: kama watu 5 katika kila 10,000 kwa pande zote mbili. Kuwa na polipu tu, bila kuangalia ukubwa wake, hakukumweka mtu mbali na jirani yake asiye nayo. Ukubwa ulipoingizwa ndipo picha ilipobadilika. Kwa kila watu 100,000 wanaofuatiliwa mwaka mmoja, waliokuwa na polipu chini ya mm 6 walipata saratani kwa kiwango cha 1.3. Wa kuanzia mm 6 hadi chini ya mm 10 walikuwa 8.7. Wa mm 10 na kuendelea walifika 128. Tazama mruko ulio kati ya kundi la pili na la tatu, utaelewa kwa nini madaktari wameing'ang'ania namba 10.

Hicho kinachoitwa polipu ni nini

Kifuko cha nyongo kinakaa chini ya ini, upande wa kulia. Kina urefu wa sentimita 7 hadi 10, na kikijaa hubeba nyongo ya mililita 30 hadi 50. Ukuta wake kwa kawaida hauzidi mm 3. Polipu ni kijinyama chochote kinachochomoza kutoka kwenye ukuta huo kuelekea ndani, kama chunjua inavyochomoza juu ya ngozi. Altrasaundi inaona umbo lake. Kimetengenezwa na nini, mara nyingi haiwezi kusema kwa uhakika.

Polipu nyingi, kama 6 katika kila 10, ni za kolesteroli, na hizi si uvimbe wa kweli. Nyongo ikiwa na kolesteroli ya kupita kiasi, sehemu yake hufyonzwa na ukuta wa kifuko. Chini ya utando wa ndani kuna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza takataka. Seli hizo humeza mafuta hayo mpaka zinafura na kurundikana pamoja. Rundo likikua husukuma utando juu, na mwisho linaning'inia kwa kikonyo chembamba. Daktari wa upasuaji akikipasua kifuko cha namna hii huona vitone vya manjano vimetapakaa kwenye utando mwekundu. Polipu hizi huwa ndogo, chini ya mm 10, na mara nyingi ni zaidi ya moja. Hazigeuki saratani. Kikonyo chake ni laini kiasi kwamba nyingine hukatika zenyewe, na ndiyo sababu mtu anaweza kurudi baada ya mwaka akaambiwa hakuna kitu. Mara chache sana kipande kilichokatika hunasa kwenye mrija wa nyongo na kuleta maumivu kama ya kijiwe.

Kama robo ya zile zinazoonekana hutokana na kunenepa kwa ukuta wenyewe, hali inayoitwa adenomayomatosisi. Utando huchimba vishimo kuingia kwenye msuli, fuwele za kolesteroli zikajaa humo. Kwenye skrini vishimo hivyo hutoa mistari ya mwanga yenye mkia, na mpimaji mzoefu huitambua alama hiyo mara moja. Nyingine, pungufu kidogo ya 1 katika 10, ni makovu na vijinyama vya uvimbemoto wa muda mrefu. Kisha linabaki kundi dogo, karibu 4 au 5 katika 100, la polipu za kweli zinazoitwa adenoma. Hizi ndizo zenye uwezo wa kubadilika kuwa saratani. Kwa kawaida huota moja peke yake.

Kwako wewe, kuwa nazo mbili ni dalili ya kheri kidogo. Haithibitishi kitu, ila inasogeza mizani upande wa kolesteroli.

Yanayomfanya mtu aote polipu

Hapa ushahidi una mashimo, na afadhali uyajue. Kwa vijiwe vya nyongo mambo yanajulikana vizuri: wanawake kuliko wanaume, ujauzito, homoni za estrojeni, unene, kupungua uzito kwa kasi, na kurithi. Ungetegemea polipu zifuate njia hiyohiyo kwa kuwa nyingi zinatokana na kolesteroli ileile, lakini hazifuati. Idadi ya uzazi haionekani kuwa na uzito. Jinsia nayo haieleweki: tafiti kadhaa za Asia zimekuta wanaume wanazo zaidi, wakati Denmark tofauti ilikuwa ndogo mno. Kwa hiyo vijiwe vya mama yako havituelezi sana kuhusu polipu zako. Vinakuhusu kwa jambo jingine: wewe mwenyewe uko katika uwezekano mkubwa zaidi wa kupata vijiwe kuliko mtu ambaye kwao havipo.

Kinachojitokeza mara kwa mara ni mambo ya uzito na uchakataji wa sukari na mafuta mwilini. Kitambi, usugu wa insulini (mwili kutoitikia vizuri homoni inayoshusha sukari), kisukari cha ukubwani na mafuta kwenye ini vimehusishwa na polipu katika tafiti nyingi, ingawa si zote. Wewe una mafuta kwenye ini, basi huenda yote mawili yametoka kwenye chanzo kimoja. Nasema huenda kwa makusudi, maana kuonekana pamoja si lazima kimoja kimezaa kingine.

Watu wengi huuliza kuhusu kolesteroli ya kwenye damu. Uhusiano wake na polipu ni dhaifu kuliko unavyotarajiwa. Kinachohesabika ni uwiano ndani ya nyongo yenyewe: kolesteroli ni kiasi gani ikilinganishwa na chumvi za nyongo na lesithini zinazoiyeyusha. Mtu anaweza kuwa na vipimo vya damu visivyo na dosari na bado nyongo yake ikawa imezidiwa. Kinyume chake pia hutokea.

Tafiti kutoka China na Taiwan zimekuta polipu nyingi zaidi kwa watu wenye maambukizi sugu ya virusi vya homa ya ini B. Sababu haijabainika. Kama hujawahi kupimwa virusi hivyo, kapimwe. Si kwa ajili ya polipu, bali kwa kuwa ini lako lina mafuta tayari na halihitaji mzigo wa pili.

Mwisho yapo magonjwa adimu ya kurithi ambayo huotesha polipu sehemu mbalimbali za njia ya chakula, mfano ugonjwa wa Peutz-Jeghers, ambao wagonjwa wake huwa na madoa meusi midomoni na ndani ya mashavu. Kama katika ukoo wenu kuna watu waliopata polipu nyingi za utumbo wakiwa vijana, mwambie daktari. La sivyo, sahau jambo hili.

Yanayoifanya polipu iwe ya kuhofiwa

Orodha hii ni fupi, na ndiyo inayoamua nani apasuliwe.

La kwanza ni ukubwa. Polipu ya mm 10 au zaidi, kwa mwongozo wa pamoja wa vyama vya madaktari wa Ulaya uliofanyiwa marekebisho mwaka 2022, ni ya kutolewa pamoja na kifuko chake, mradi mgonjwa anaimudu operesheni na ameikubali. Ikikaribia mm 20, daktari huichukulia kama saratani mpaka patholojia (maabara inayochunguza nyama iliyotolewa) ikatae, na hata operesheni hupangwa kwa namna nyingine.

La pili ni umbo. Polipu yenye kikonyo chembamba haitishi. Iliyoketi bapa ukutani bila shingo, au yenye ukuta ulionenepa zaidi ya mm 4 mahali ilipokaa, ni ya kutazamwa kwa jicho kali. Saratani nyingi za kifuko cha nyongo huanzia kwenye utando bapa ulioumizwa kwa miaka mingi, si kwenye vijinyama vinavyoning'inia. Ndiyo maana ukuta mnene unaweza kumtia daktari wasiwasi kuliko polipu yenyewe, na nashangaa ripoti nyingi zinavyotaja mm za polipu bila neno moja kuhusu ukuta.

Kisha umri wa zaidi ya miaka 60. Kisha asili ya Asia, ambayo mwongozo wa Ulaya wa 2017 uliitaja kwa watu wa asili ya India tu, na ule wa 2022 ukaipanua. Na la mwisho ni ugonjwa wa ini unaoitwa kolanjitisi ya makovu, ambapo mirija ya nyongo husinyaa na kupata makovu, mara nyingi kwa watu wenye uvimbemoto wa utumbo mpana. Kwa hawa hatusubiri mm 10. Polipu zao zina kawaida mbaya ya kuwa saratani zikiwa bado ndogo. Lakini ini lao nalo mara nyingi limechoka, hivyo uamuzi wa kupasua huhitaji mtaalamu wa ini mezani.

Sasa rudi kwenye orodha ya kwanza. Kitambi, mafuta kwenye ini, usugu wa insulini: hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye orodha hii ya pili. Vinaweza kuwa vimechangia wewe kuota polipu, lakini havimo katika vigezo vya kukupasua.

Mm 6 ni mm 6 kweli?

Kabla ya kuamua lolote, hakikisha kipimo chenyewe kilifanyika ipasavyo. Wewe ulikwenda kupimwa figo, na mtu wa figo mara nyingi huambiwa anywe maji mengi, haambiwi afunge kula. Ukila chakula chenye mafuta, kifuko cha nyongo hujikamua. Ukuta hujikunja, huonekana mnene, na mikunjo yake inaweza kuhesabiwa kuwa polipu. Kipimo cha kifuko cha nyongo kinataka tumbo tupu kwa saa 6 hadi 8. Maji safi kidogo hayana neno. Chai yenye maziwa inaharibu.

Mpimaji anatakiwa akutazame ukiwa chali, kisha akugeuze ulalie ubavu wa kushoto, na ikibidi akusimamishe. Kijiwe huteremka kufuata uzito, na nyuma yake huacha kivuli cheusi. Tope la nyongo nalo huhama, ila polepole, hivyo anayekugeuza na kutazama palepale anaweza kulikosa. Angoje dakika mbili tatu. Polipu haihami na haina kivuli. Tatizo ni kijiwe kidogo kilichonata ukutani: hakihami, na kikiwa kidogo mno kivuli chake hakionekani. Watu wengi waliopasuliwa kwa sababu ya "polipu" wamekutwa na vijiwe vya namna hii, au hawakukutwa na kitu.

Suala la vipimo nalo lina mtego wake. Wapimaji wawili wakimpima mtu mmoja siku moja wanaweza kutofautiana kwa mm 1 au 2, kwa sababu mmoja amepima polipu kwa urefu na mwingine ameikata mshazari. Kwa hiyo ukienda mara nyingine ukaambiwa mm 7, usipige mayowe kwamba imekua. Omba picha za mwanzo zilinganishwe na za sasa, zote zikiwa zimepimwa kwa mhimili mrefu. Ikiwezekana rudi mahali palepale, kwa mashine ileile. Tena, kukua kidogo kidogo ni kawaida ya polipu: katika utafiti ule wa California, zaidi ya nusu ya polipu ndogo zilikadiriwa kuongezeka mm 2 au zaidi katika miaka 10, na hazikuwa saratani.

CT ya tumbo haisaidii sana hapa. Vijinyama vya mm 6 huipita bila kuonekana. Kama umbo lina utata, mtaalamu anaweza kuomba altrasaundi ya kutumia dawa ya mshipa, MRI, au altrasaundi ya kuingizwa kwa endoskopi kupitia mdomoni, ambayo hukisogelea kifuko kwa karibu na kuonyesha matabaka ya ukuta. Kwa polipu ya mm 6 isiyo na utata, hizo ni gharama zisizo na kazi.

Wewe ufanye nini

Rudia altrasaundi ukiwa umefunga kula, na mwombe mpimaji aandike mambo haya kwa majina: polipu ni ngapi, kubwa ina mm ngapi kwa urefu wake mrefu, ina kikonyo au imeketi bapa, unene wa ukuta penye polipu, na kama kuna vijiwe. Ripoti isiyo na vitu hivyo ni nusu ripoti.

Baada ya hapo njia zinaachana kidogo, na nakueleza wazi ili usidhani madaktari wawili wanapingana kwa ubishi. Kwa mwongozo wa Ulaya wa 2022, polipu ya mm 6 hadi 9 kwa mtu asiye na kigezo chochote cha orodha ya pili hurudiwa kupimwa baada ya miezi 6, mwaka 1, na miaka 2. Isipokua, mnaachana. Yenye mm 5 au pungufu bila kigezo chochote haifuatiliwi kabisa. Ikiwa mtu ana kigezo, mm 6 hadi 9 ni ya kupasua, na mm 5 kushuka chini ndiyo inayofuatiliwa kwa ratiba hiyo ya miaka 2. Wataalamu wa Marekani wa altrasaundi, katika makubaliano yao ya mwaka huohuo, wanaanza na umbo: polipu yenye kikonyo chembamba, hadi mm 9, haihitaji hata kufuatiliwa. Iliyoketi bapa au yenye kikonyo kipana huachwa ikiwa mm 6 au chini, na hupimwa tena baada ya miezi 12 ikiwa mm 7 hadi 9. Hawachukulii ukuaji kuwa wa kutisha mpaka ufike mm 4 au zaidi ndani ya miezi 12.

Mm 6 zako zimekaa mpakani mwa miongozo hiyo. Kama kipimo cha marudio kitaonyesha kikonyo chembamba na ukuta usiozidi mm 3, mimi ningeridhika na kipimo kimoja baada ya mwaka na kingine mwaka wa pili, kisha basi. Kama polipu imeketi bapa, fuata ratiba ya Ulaya yote: miezi 6, mwaka 1, miaka 2. Kama ukuta umezidi mm 4 mahali hapo, usisubiri. Nenda kwa daktari wa upasuaji ukiwa na picha, si karatasi ya ripoti peke yake. Na kama polipu imetoweka, kazi imekwisha.

Kuhusu kukitoa kifuko "mapema ili kuwa salama": operesheni ya matundu madogo ni salama kwa walio wengi, na watu wengi huruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyohiyo au inayofuata. Lakini si bure. Katika watu 1,000 wanaopasuliwa, kama 3 hadi 5 huumizwa mrija mkuu wa nyongo, jeraha ambalo linaweza kudai operesheni nyingine kubwa na kumsumbua mtu kwa miaka. Wengine hubaki na kuharisha baada ya kula mafuta. Linganisha na kiwango cha 8.7 kwa 100,000 kwa mwaka tulichokitaja hapo juu kwa polipu za saizi yako. Kwa hesabu hiyo, kwa sasa kisu kina hatari kuliko polipu. Siku ikifika mm 10, mizani inageuka, na hapo ningekushauri ukubali bila kusitasita. Kifuko kikitolewa, hakikisha kimepelekwa patholojia na umepata majibu kwa maandishi, kwani huko ndiko pekee polipu inakotambulika kwa jina lake la kweli.

Dawa ya kuyeyusha polipu haipo. Asidi ya ursodioksikoliki, inayotumika kuyeyusha baadhi ya vijiwe vidogo, haijathibitika kuziondoa polipu. Dawa za kushusha kolesteroli zinywe kwa sababu za moyo na mishipa kama daktari wako ameona unazihitaji. Kwa polipu hazijaonyesha faida ya uhakika. Na ukiambiwa unywe mafuta ya zeituni na maji ya limau "kusafisha nyongo", kisha asubuhi ukaona vidonge vya kijani vinaelea chooni, jua kwamba vidonge hivyo vimetengenezwa tumboni mwako usiku huo. Maabara iliyowahi kuvichambua ilikuta ni sabuni iliyotokana na mafuta na limau lenyewe, bila kolesteroli wala rangi ya nyongo ndani yake. Polipu yako iko palepale ukutani. Kwa mwenye vijiwe, glasi ya mafuta inaweza hata kukikamua kifuko na kukisukuma kijiwe mpaka kikwame.

Mafuta ya kwenye ini yana maana zaidi kwa afya yako kuliko polipu, na ndiyo unayoweza kuyafanyia kazi. Kama una uzito uliozidi, kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wako huonyesha tofauti kwenye ini. Usizidi kilo 1 hadi 1.5 kwa wiki. Ukishuka kwa kasi, ini humwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo huku kifuko kikikaa bila kujikamua kwa sababu huli, na hapo unajitengenezea vijiwe, ambavyo kwenu tayari vipo. Mlo wenye mafuta kiasi ni bora kuliko usio na mafuta kabisa, kwa sababu kifuko kinahitaji kujikamua kila siku. Pima pia sukari ya mfungo na shinikizo la damu.

Maumivu ya kiuno yaliyokupeleka kupimwa hayatokani na polipu. Maumivu ya nyongo hukaa juu ya tumbo, katikati au chini ya mbavu za kulia, pengine yakipanda hadi bega la kulia au katikati ya mabega. Huja kwa nguvu baada ya mlo, hudumu kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa, kisha huondoka. Ukianza kuyapata ya namna hiyo, mwone daktari hata kama polipu haijakua, kwa kuwa mwenye polipu na maumivu yasiyo na maelezo mengine anaweza kufaa kupasuliwa bila kujali saizi. Maumivu yakizidi saa 5 au 6 bila kuachia, au yakiambatana na homa na baridi, macho kuwa manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi au choo kuwa cheupe, nenda hospitali saa hiyohiyo usiku au mchana; hapo mrija umeziba au kifuko kimeingiwa na maambukizi, na tarehe ya kipimo chako cha polipu haihusiki.